Jembe Juu ya Bidoni ya Mafuta

Walikale, tarehe 11 Februari 1968

Yaya Victorine,

Salamu zikukute mzima, dada yangu mkubwa, wewe na shemeji Raphaël, na ng'ombe wake wa Kirolirwe pia, maana najua nisipowasalimu hao hataisikiliza barua hii mpaka mwisho. Sisi huku hatujambo. Mvua ya msituni haina adabu, inanyesha hata jua likiwaka, lakini tumeshaizoea. Emérence anakusalimu sana. Tangu tufunge ndoa ananiuliza habari zako kuliko zangu. Amepanda mihogo nyuma ya nyumba, na nyumba yenyewe nimeiongezea chumba kimoja cha wageni.

Joséphine-Marie hajambo? Mwambie Papa yake wa Walikale anamwekea nanasi.

Sasa nina taabu, nawe ndiwe utakayenitoa. Unajua nilipokuwa Uganda nilijifunza Kiingereza kidogo. Hapa dispanseri wamelijua hilo, basi yule mamzelle muuguzi, Mwingereza aliyekuja mwaka jana, amenipa kitabu chembamba cha kufundishia akina mama ili nikitie katika Kiswahili. Nilidhani ni kazi ya wiki moja. Lakini kuna neno limelala katikati ya njia kama ng'ombe aliyeshiba, halisogei. Neno lenyewe ni keep. Sisi wafanyakazi tunalitamka kipu.

Liko kila ukurasa, dada yangu. Mama anaambiwa akipu maji, na maana yake ni kwamba ayafunike yasiingie uchafu. Halafu akipu mtoto, yaani ampashe joto. Halafu nzi nao anawakipu, lakini safari hii ni kuwafukuza wasikaribie. Kadi ya chanjo anaikipu asiipoteze. Kunyonyesha anakukipu, yaani asiache. Kuku wachache anawakipu nyuma ya nyumba, yaani awafuge. Na mtoto akishikwa na degedege, mama akipu moyo wake utulie. Mamzelle ananiambia ni neno dogo, hata watoto wa kwao wanalijua. Nami nimemjibu kwamba watoto wa kwao wana akili nyingi mno.

Wewe ulisoma kwa masista, na hapo mlimani unasikia Kiswahili, Kihunde na Kinyarwanda chetu siku nzima. Niandikie maneno yote unayoyajua ya mtu mwenye kitu na hataki kimpotee. Binamu Grégoire atapita huko na lori akienda soko la Sake, akirudi umpe jibu.

Mudogo wako,
Séraphin


Nyamitaba, tarehe 2 Machi 1968

Mudogo wangu Séraphin,

Barua yako imefika, na binamu yetu Grégoire amefika nayo, lori lake likiwa na matope mpaka kwenye taa. Tunamshukuru Mungu, sisi ni wazima. Raphaël aliposikia umewasalimu ng'ombe wake alisema, "Huyu njo mutu mwenye alisoma." Maharagwe yameota vizuri, ingawa jembe langu limelika mpaka limebaki kijiko. Mama Emérita, jirani yetu, anauliza kama kweli huko Walikale watu wanakula nyani. Nimemwambia aje ajionee mwenyewe, ila asije na mbuzi wake.

Tulikuwa tunachambua maharagwe ya mbegu, mimi na Joséphine-Marie, nikamsomea taabu yako. Alicheka mpaka akamwaga ungo. Akaniuliza, "Mama, hawa Wazungu hawana maneno ingine?" Nikamwambia labda neno hilo ni kama sufuria ya kijana asiye na mke, ni moja tu, anapikia ugali, anachemshia chai, na akiamka ananawia humo humo.

Haya, andika. Mbegu tunaziweka. Moto jioni tunaufukia katika majivu, na asubuhi unafukuliwa ukiwa hai. Siri inafichwa au inatunzwa, inategemea ni ya nani. Amri ya Mungu inashikwa. Ahadi inatimizwa. Mgeni anabakizwa mpaka ale. Mbuzi wanazuiwa wasiingie shambani, na kwa mbuzi wa Mama Emérita neno hilo bado halijafanya kazi. Mgonjwa anauguzwa. Maiti analindwa. Ng'ombe wako unamfuga, wa mwenzako unamlisha. Mtoto analelewa. Wala usiyachanganye, Séraphin. Ukimwambia mama wa huku kwetu Masisi amfuge mtoto wake, atakufuata na mwiko mpaka barabarani.

Mtoto anaendelea vizuri mno. Meno ya mbele yameng'oka yote mawili na hataki kucheka mbele ya watu, lakini anasahau. Ameanza kuandika herufi kwa kijiti kwenye majivu. Tatizo ni jina mlilompa, ni refu, majivu yanaisha kabla hajafika Marie. Juzi ameniuliza neno moja la katekisimu na sikulijua. Nimemwambia asubiri.

Chumba cha wageni ni jambo jema. Ila wageni gani hao, na sisi wenyewe hatujafika?

Yaya yako anayekupenda,
Victorine


Walikale, tarehe 24 Machi 1968

Yaya Victorine,

Salamu kwako, kwa shemeji, kwa mtoto na kwa ng'ombe. Emérence alikuwa na malaria, sasa amepona, ameanza tena kunikaripia, ndipo nimejua amepona kweli.

Maneno yako yamekifungua kitabu. Nimemsomea mamzelle orodha yako kwa Kifaransa, akakaa kitini akasema hakujua kwamba lugha yake inafanya kazi kidogo hivyo. Jumatatu nilisoma kurasa za kwanza mbele ya akina mama waliokuja kupima watoto, na hakuna aliyeuliza maana yake nini. Mmoja alisema juu yangu, "Huyu muuguzi anasema sawa mama yangu." Nikajua anayesema ni wewe.

Nilipotoka hapo nikaona aibu. Tangu mke wangu Céline atutoke, na mtoto wetu hajamaliza hata mwezi, nikakuwekea mikononi, ni miaka saba sasa. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na kazi hiyo umeifanya wewe. Nami katika barua zote hizi sijakuambia asante hata siku moja. Basi nakuambia leo. Asante, Yaya. Asante kwa maziwa, kwa joto, kwa homa zote ulizozikesha, kwa kumfundisha kucheka.

Na kwa kuwa maneno hayaliwi, nimempa Grégoire bidoni ya mafuta ya mawese, mapya, ya msimu huu. Juu yake nimefunga jembe jipya, maana uliniandikia kwamba lako limebaki kijiko. Pokea kwa moyo mweupe kama nilivyotuma.

Mudogo wako,
Séraphin


Nyamitaba, tarehe 19 Mei 1968

Kwa Séraphin Sebarenzi,

Nakusalimu. Sisi ni wazima. Nimechelewa kukujibu kwa sababu mvua ilivunja daraja.

Mafuta na jembe vimefika, nimevipokea. Nguo zote nimezifua, na zilizochanika nimezishona. Viatu havipo, huku hakuwa na haja ya viatu.

Unijulishe siku tu.

Victorine Mukandayisenga


Walikale, tarehe 9 Juni 1968

Yaya wangu,

Leo nisamehe, salamu zitakuja nyuma. Barua yako niliisoma nimesimama, nikairudia nimekaa, nikampa Emérence aisome. Siku ya nini? Nguo za safari gani? Na tangu lini wewe unaniandikia jina lako la ukoo, kana kwamba mimi ni chefu wa posti ya serikali? Tena daraja lilikuwa zima. Grégoire amekuwa akipita huko na kurudi tangu Pasaka.

Basi nikamngoja Grégoire hapa barabarani. Nikamuuliza kwako kuna nini. Kwanza hakutaka kusema. Kisha akaniambia kwamba alikula kwako maharagwe makavu, ya chumvi tupu, na bidoni iko ukutani imejaa, jembe bado limefungwa juu yake na kamba yangu. Akakuuliza mafuta unayaweka ya nini. Ukamjibu, "Mafuta hii haiko yangu bado. Nitaikula siku mwenyewe anakuja kubeba kitu yake." Grégoire alisema hukulia, na hilo ndilo lililomtisha.

Hapo, Yaya, ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nilimkumbuka Gaju, ng'ombe mwekundu wa Baba. Alikuwa kwa Papa Paul kule Kirolirwe kwa kulishwa, nami nilikuwa naandamana na Baba tukienda kumtazama. Papa Paul anakunywa maziwa, Baba anauliza habari za mvua, tunarudi nyumbani, wala neno la asante halitoki. Siku moja nikamuuliza Baba kwa nini hashukuru. Akaniambia, "Ukishukuru mutu mwenye analisha ngombe yako, ni kusema unaibeba." Na kweli, siku aliyotuma mtungi wa pombe ya ndizi na jembe jipya juu yake, Papa Paul hakuuliza kitu. Alimwogesha Gaju, akamleta mwenyewe mpaka mlangoni, akarudi kwake na ndama.

Kitu cha kunywa au cha kula, na jembe jipya juu yake. Ndicho nilichokutumia, na mkono wangu mwenyewe ndio uliofunga kamba.

Naapa sikukusudia. Nimekaa mno na watu wa njiani. Uganda walishukuru, hapa msituni wanashukuru asubuhi na jioni, mamzelle anasema asante hata ukimpisha mlangoni. Nikasahau kwamba kwetu asante ina siku yake. Nilitaka kukufurahisha, nami nimekufulisha nguo za mtoto kwa machozi, hata kama Grégoire hakuyaona.

Lakini pia nisikudanganye. Kile chumba si cha wageni. Uliponiuliza wageni gani, nilijifanya sikuona swali. Nimekijenga nikimfikiria yeye. Emérence ameshona shuka dogo la kitanda, halafu amelificha ili nisimcheke. Septemba shule inafunguliwa hapa, ina mwalimu mzuri wa première, darasa la kwanza. Nataka binti yangu anijue zaidi ya kunijua kuwa Papa wa nanasi. Hayo ndiyo niliyokuwa nayo moyoni tangu mwaka jana, na nilikosa ujasiri wa kukuambia, nikawa nakuandikia habari za nzi na kuku.

Nilimuuliza mamzelle: kwa Kiingereza, nikimpa mtu kitu akikipu, atakirudisha? Akasema inategemea. Ukimwambia akipu, basi, ni chake. Ukimwambia anikipie, ni chako, siku moja atakirudisha. Nimefikiri sana. Siku ile kando ya kitanda cha Céline sikukuambia hili wala lile. Nilikupa mtoto, nikatoka nje.

Kwa hiyo sisemi siku. Siji kumchukua. Sema wewe. Ukisema abaki, atabaki, na mimi nitaendelea kukushukuru bila jembe. Fungua mafuta, nakuomba, yataharibika. Nawasalimu wote, hata mbuzi wa Mama Emérita.

Mudogo wako,
Séraphin


Nyamitaba, tarehe 4 Agosti 1968

Mudogo wangu,

Umengoja. Nilitaka ungoje. Mimi nilingoja tangu jembe lako lilipofika, kila lori likinguruma kule chini nikidhani ni wewe, basi nikaona si vibaya nawe uonje kidogo.

Sisi ni wazima. Maharagwe tumevuna, na mengi. Raphaël ameshuka kutoka Kirolirwe na ndama wawili, anawataja majina mchana kutwa. Mama Emérita amempoteza beberu wake, na mlima wote umempa pole huku unacheka.

Barua yako nilimsomea Raphaël. Aliisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Huyu mutoto wa Sebarenzi ni muzuri, ila akili yake inatembea mu lori, moyo unabaki mu njia." Mimi nilikuwa nimekukasirikia, Séraphin, nakuambia wazi. Si kwa kumtaka mtoto wako. Ni kwa sababu nilidhani umeniambia kwa jembe kitu ambacho ungeweza kuniambia kwa mdomo. Ulipokisema kwa mdomo, hasira ikakosa mahali pa kukaa.

Sasa nisikilize na wewe. Unanishukuru kwa maziwa na homa. Na mimi nimshukuru nani? Umesahau nilivyokuwa kabla ya siku ile. Nilikuwa mke wa watu bila mtoto, na mama mkwe alikuwa ameanza kumtazamia Raphaël binti mwingine, wala hakuwa akificha. Ukaja na macho mekundu, ukaniwekea mikononi kitu kinacholia. Tangu siku hiyo hakuna mtu kwenye mlima huu anayeniita Victorine. Naitwa Mama Joséphine. Nikienda kisimani naitwa hivyo, nikienda misa naitwa hivyo. Yule binti mwingine hakutajwa tena. Wewe ulidhani unaniachia mzigo, kumbe ulinipa jina. Asante, mudogo wangu. Nimeingoja miaka saba kuisema, kwa sababu mimi pia niliogopa siku yake.

Mtoto ataanza shule kwenu. Sisemi hivyo kwa sababu ya jembe, wala kwa sababu umenipa ruhusa ya kukataa, ingawa ruhusa hiyo ndiyo imenilainisha. Yale maneno ya katekisimu aliyoniuliza yamekuwa mengi, na yote namwambia asubiri. Nimefika mwisho wa vile masista walivyonifundisha. Tena ana baba aliye hai, na mama mdogo anayeficha shuka. Emérence asilifiche tena, alitandike.

Nilimwambia jana tukiwa tunapura maharagwe. Kwanza alikimbilia nyuma ya nyumba. Nilimwacha. Aliporudi aliniuliza kama huko msituni kuna majivu ya kuandikia. Nikamwambia kuna ubao mkubwa, jina lake lote litaenea, hata Marie. Akafikiri. Akauliza, "Na wewe utabaki na nani?" Raphaël ndiye aliyejibu, akasema nitabaki na ndama wawili na yeye ni wa tatu. Mtoto alicheka na meno yake mapya, tukacheka wote, na mimi nikalia humo humo ndani ya kicheko, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Tutakuja na Grégoire kabla ya shule kufunguliwa. Nitamleta mwenyewe, kama Papa Paul, nimemwogesha. Nataka nikione hicho chumba, na nione mwalimu ana uso gani. Bidoni yako nitairudisha imejaa samli ya Kirolirwe, maana chombo cha watu hakirudi kitupu. Jembe linabaki huku, nimeshalilimia.

Ila kama tunafuata desturi, tuifuate mpaka mwisho. Aliyelisha harudi kwake mikono mitupu, anarudi na ndama. Wewe ndama huna. Basi nimejichagulia mwenyewe. Likizo kubwa, kila mwaka, tangu siku shule inapofungwa mpaka siku ya mwisho kabla haijafunguliwa, Joséphine-Marie ni wangu, na lori la Grégoire lisichelewe hata kama daraja limevunjika kweli. Mwambie mamzelle wako atafute neno la hilo katika Kiingereza. Akilikosa, atumie lile lile la siku zote.

Leo mchana nimekata kamba yako na kufungua mafuta. Nyumba nzima imenukia. Nimepika maharagwe mapya, mtoto amekula mpaka kidevu kikawa chekundu, akaniuliza kama kwa baba yake wanakula hivi kila siku. Nimemwambia ndiyo. Usinifanye mwongo.

Yaya yako,
Mama Joséphine